Rasimu Iliyokalia Kiti cha Hakimu: Fani ya Sanduku la Queen I

Ndani ya sanduku la Queen I la bendi ya roki ya Queen, lililotolewa tarehe 25 Oktoba 2024, umo wimbo unaosikika kwenye diski ya kwanza kama kazi iliyokamilika na kwenye diski ya pili kama rasimu, ilhali upigaji wenyewe ni mmoja. Wimbo huo ni "The Night Comes Down" wa mpiga gitaa Brian May. Ulirekodiwa katika studio za De Lane Lea, Wembley, mwishoni mwa 1971, wakati Queen walikuwa bado hawajapata mkataba. Ulipowadia wakati wa kuitengeneza albamu katika studio za Trident, mtaani Soho, London, waliupiga upya, wakalinganisha, wakaona kwamba upigaji wa awali unaushinda wa pili, na ule mkanda wa Wembley ukachanganywa upya ukaingizwa kwenye albamu ya 1973. Anayezisikiliza diski hizi mbili kwa kufuatana hasikii mbegu kisha mti. Anauzunguka mti mmoja na kuutazama kutoka pande mbili.

Ninaanza na wimbo huu kwa sababu unaitikisa istilahi tunayoitumia kwa mazoea. Tunaposema "demo" huwa tunamaanisha kionjo: rekodi iliyofanywa kwa haraka ili kumshawishi mwenye fedha, ambayo thamani yake huisha mara tu kazi halisi inapotoka. Dhana hiyo inaipa rasimu nafasi ya mtumishi. Katika uhakiki huu nitaiita rekodi ya aina hiyo rasimu-sauti, nikiiweka sambamba na toleo-timilifu, na nitajaribu kuonyesha kwamba sanduku la Queen I limejengwa juu ya mgeuko wa uhusiano huo: rasimu-sauti imeinuka ikakalia kiti cha hakimu, na toleo-timilifu la 1973 ndilo lililosimamishwa mbele yake.

Kwanza umbo la sanduku lenyewe, maana mpangilio wake ni hoja. Kuna diski sita na santuri moja, vipande 63 kwa jumla. Diski ya kwanza inabeba albamu iliyochanganywa upya. Ya pili, rasimu-sauti tano za De Lane Lea. Ya tatu, mabaki ya vikao vya kurekodi, yenye mianzo iliyokatika na mazungumzo ya wapigaji. Ya nne, ala tupu bila uimbaji mkuu. Ya tano, vikao vya BBC. Ya sita, maonyesho ya jukwaani. Ukiufuata mpangilio huu unatembea kama mgeni anayekaribishwa sebuleni, akapitishwa uani, akaingizwa jikoni, kisha akatolewa kwa mlango wa nyuma hadi barazani, kwenye watu. Wakati haumwongozi mgeni huyu, kwani 2024 inatangulia 1971, na 1974 inatangulia 1970. Kinachomwongoza ni umbali kati ya sikio na mikono ya wapigaji, unaopungua mpaka diski ya nne kisha ukaanza kuongezeka.

Rasimu za De Lane Lea zina sababu ya kusikika jinsi zinavyosikika. Studio hizo zilikuwa mpya, na mafundi mitambo walihitaji bendi ya kupiga kwa nguvu ili wapime vyumba na mitambo. Queen wakakubali kuwa chombo cha kipimo, na malipo yao yakawa nafasi ya kurekodi bure nyimbo tano: "Keep Yourself Alive", "The Night Comes Down", "Great King Rat", "Jesus" na "Liar". Sharti hilo la kiufundi limegeuka kuwa sifa ya kifani. Bendi iliyoombwa ijaze chumba ilikijaza, na chumba kikaingia kwenye mkanda: dramu za Roger Taylor zina hewa kuzizunguka, matoazi yanaachwa yafe yenyewe, na gitaa la besi la John Deacon, ambaye alikuwa na bendi kwa miezi michache tu, linakaa mbele kuliko litakavyokaa baadaye.

Mlango mzuri wa kuingilia ni "Keep Yourself Alive", wimbo unaofungua rasimu na pia albamu. Kwenye albamu unaanza na gitaa la umeme ambalo nyuzi zake zimezibwa kwa kiganja, likikwaruzwa kwa mdundo wa haraka huku sauti yake ikipitishwa kwenye mtambo unaoipinda na kuihamisha kutoka sikio moja hadi jingine. Ni ufunguzi wa kifundi: kabla hatujajua wimbo unahusu nini, tumeshaonyeshwa kwamba studio ni ala ya tano. Rasimu inaanza na gitaa kavu, lisilo la umeme, likipiga mdundo uleule kwa mkono unaoyumba kidogo jinsi mkono wa binadamu unavyoyumba. Gitaa la umeme linapoingia juu yake linaingia kama jibu, na msikilizaji anausikia mdundo ukizaliwa kwenye mbao kabla haujapanda kwenye umeme. Tofauti hii inagusa kitenzi cha wimbo wenyewe. Maneno yake yanamhimiza mtu ajihifadhi hai, na katika rasimu himizo hilo linatokana na mwili unaofanya kazi mbele yetu. Katika toleo-timilifu linatokana na mashine nzuri inayozunguka. Vyote viwili vina haki ya kuwepo, ila himizo la kuishi likitoka kwenye mbao linanishawishi zaidi.

Brian May mwenyewe amesema mara nyingi kwamba aliipenda rasimu kuliko toleo la Trident, na historia ya wimbo inaonyesha watu wanaofukuza kitu walichokwisha kukishika. Ulichanganywa tena na tena mpaka mchanganyo wa fundi mitambo Mike Stone ukakubaliwa. Ukatolewa kama wimbo wa kwanza wa kujitegemea mwezi Julai 1973 na haukuingia kwenye chati za Uingereza. Mwaka 1975 bendi iliurekodi upya kabisa, na rekodi hiyo ikasubiri hadi 1991 kutolewa. Mwandishi anayeandika aya moja mara nne akitafuta sauti ya aya ya kwanza anaelewa uchungu wa jambo hili. Rasimu ilikuwa na kitu ambacho juhudi haikiongezi.

Kitu hicho kilipotelea wapi? Sehemu kubwa ya jibu imo katika kibanda cha dramu cha Trident. Studio hiyo ilikuwa na umahiri wake, na umahiri huo ulikuwa wa sauti kavu: dramu ziliwekwa kwenye kibanda kidogo kilichotandikwa vitu vya kumeza mwangwi, ngozi zake zikabandikwa utepe, na kila pigo likafika kwenye kipaza sauti likiwa limekatwa mkia. Ukavu huo ulikuwa mtindo wa nyumba ile na wa wakati ule. Lakini Queen walikuwa wakiandika nyimbo zenye majumba, wafalme na mapambano, na maudhui ya ukubwa huo yalipigiwa ndani ya kabati. Tena walirekodi katika saa ambazo wateja wanaolipa walikuwa wameondoka, mara nyingi usiku wa manane. Albamu ya 1973, ambayo watayarishaji wake walikuwa John Anthony, Roy Thomas Baker na bendi yenyewe, ina mvutano huu kati ya fani na maudhui katika kila upande wake, na kwa miaka hamsini mvutano huo ndio uliokuwa tabia yake.

Sasa tazama kilichofanywa mwaka 2024. Mafundi Justin Shirley-Smith, Joshua J Macrae na Kris Fredriksson waliurudia mkanda wa awali, wakauacha upigaji ulivyokuwa, na wakajenga upya mazingira ya sauti ya kila ala ili dramu zipate chumba zilichonyimwa. May amelieleza zoezi hili kama ujenzi mpya unaotimiza sauti ambazo bendi ilizitaka tangu mwanzo. Lakini "sauti tulizozitaka" zinajulikanaje baada ya nusu karne? Ushahidi wa sauti uliopo wa tamaa hiyo ni rasimu za Wembley. Kwa hiyo diski ya kwanza inasikika kana kwamba imetengenezwa ili ifanane na diski ya pili. Kilichotangulia kimekuwa kipimo cha kilichofuata, na albamu iliyouzwa madukani tangu 1973 imegeuzwa kuwa hatua ya kati, rasimu ndefu ya albamu ya 2024. Hata jina limebadilika: iliyoitwa Queen sasa inaitwa Queen I, jina ambalo haliwezi kuwepo mpaka awepo wa pili.

Sisi tunaoshughulika na ushairi wa Kiswahili tunapaswa kulipokea jambo hili bila kutetereka. Mashairi ya Muyaka bin Haji yalikusanywa Mombasa baada ya kifo chake kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, na tenzi kongwe zimetufikia katika nakala zinazopishana beti na tahajia. Mhakiki wa nakala hizo amejifunza kuuliza kila nakala inafanya nini kabla hajauliza ipi ni ya kweli. Tukiliendea sanduku la roki kwa adabu hiyohiyo, tunaweza kukiri kwamba ujenzi wa 2024 ni nakala mojawapo, yenye uzuri na hasara zake. Uzuri ni kwamba "Son and Daughter" sasa ina uzito unaolingana na gitaa lake. Hasara ni kwamba ule ukali wa kitu kikubwa kilichobanwa mahali padogo umelegezwa, na mimi, niliyeizoea sauti ya kabati, bado naitamani.

"Jesus" inatupa nafasi ya kupima muda kama kipengele cha fani. Rasimu yake ina zaidi ya dakika tano; toleo la albamu halifiki dakika nne. Wimbo umejengwa kwa namna ambayo mpenzi wa muziki wa dansi ataitambua mara moja: sehemu ya kuimba inayokwenda kwa hatua nzito, kisha chemko, ambapo gitaa linaachiwa uwanja na mwendo unapanda. Kilichopunguzwa Trident kimepunguzwa zaidi kwenye chemko hilo. Katika toleo-timilifu chemko ni daraja: tunavuka haraka ili turudi kwenye kiitikio cha sauti nyingi, na simulizi la Kristo na umati unaomfuata linabaki kuwa kiini. Katika rasimu chemko ni makazi. Umati wenyewe unapewa muda wa kutembea, na uimbaji unaporejea unarejea kama mtu aliyetoka safari. "Liar" nayo katika rasimu inakaribia dakika nane, kwa faida ndogo zaidi, maana marudio yake hayazai maana mpya, na mkasi wa Trident uliitendea haki. "Great King Rat" haibadiliki vya kutosha kutusimamisha.

Hata hivyo, kuna hoja inayoupinga mgeuko ninaoueleza, na inabebwa na wimbo usiokuwepo. "My Fairy King" haimo katika rasimu za Wembley kwa sababu ilizaliwa studioni, mikononi mwa mwimbaji Freddie Mercury, mbele ya piano ya Trident. Hapa mkanda wa njia 16 umetumika kama kalamu. Sauti zinapangwa juu ya sauti, mwangwi wa koo moja unageuzwa kuwa kwaya, mlio wa juu kabisa wa Roger Taylor unachomoza kama kipenga, na sehemu za wimbo zinafuatana kwa kuruka, kila moja ikiwa na mwendo na rangi yake. Wimbo wa namna hii hauwezi kuwa na rasimu-sauti kwa maana ya kawaida, kwani kuuandika na kuurekodi ni tendo moja. Njia itakayoifikisha bendi kwenye "Bohemian Rhapsody" mwaka 1975 inaanzia humu, ndani ya studio ileile iliyozikausha dramu. Trident iliwanyang'anya chumba ikawapa tabaka. Na yeyote anayeziinua rasimu, kama ninavyofanya, anadaiwa kukiri hivyo.

Ni ndani ya "My Fairy King" pia ambamo Mercury alilipata jina analojulikana nalo. Wasomaji wa Unguja watakumbuka kwamba Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946 na kwamba familia yake iliondoka mwaka 1964. Sitaitafuta Zanzibar katika koo lake. Cheti cha kuzaliwa si mbinu ya sanaa, na wanaodai kuisikia pwani yetu katika vibwagizo vya Queen hutuonyesha upendo zaidi ya ushahidi. Ninachokisikia kwenye diski ya pili ni kijana wa miaka ishirini na mitano ambaye bado hajaamua sauti yake iwe ya nani: anabana pale ambapo baadaye ataachia, anatetemesha mwisho wa mstari kama anayeomba ruhusa, kisha katikati ya "Liar" anasahau kuomba. Kuusikia uamuzi huo ukikaribia ni jambo ambalo toleo-timilifu, kwa ukamilifu wake, haliwezi kutupa.

Kuna rasimu nyingine iliyowekwa hadharani tangu 1973 bila mtu kuiita hivyo. Albamu inafungwa na "Seven Seas of Rhye...", kipande cha piano na ala chenye zaidi kidogo ya dakika moja, ambacho hakina uimbaji na kinafifia kabla hakijafika popote. Nukta tatu za jina lake zinasema wazi kwamba sentensi haijaisha. Mwaka uliofuata wimbo mzima ulifunga albamu ya Queen II na kuwapa bendi mafanikio yao ya kwanza kwenye chati za Uingereza, katika kumi bora. Albamu inayohitimisha kwa rasimu inajitangaza kuwa mlango. Na kwa kufanya hivyo, miaka hamsini kabla ya sanduku, Queen walikuwa wameshajifunza kuitumia hali ya kutokamilika kama mbinu ya kumalizia.

Kwa sababu hiyohiyo nina shaka na kurejeshwa kwa "Mad the Swine". Wimbo huu ulirekodiwa kwa ajili ya albamu ya 1973, ukaachwa kwa sababu bendi na Baker hawakuafikiana kuhusu sauti ya midundo yake, ukatoka kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Sasa umerudishwa mahali pake pa nne, kati ya "Great King Rat" na "My Fairy King". Kimaudhui urejesho unaeleweka. Msemaji wake anajitokeza kama mjumbe aliyerudi duniani, na kuwepo kwake kunaunganisha mfalme mwovu wa wimbo unaotangulia na Kristo wa upande wa pili, hivi kwamba uzi wa kidini uliokuwa umefichika sasa unaonekana kwa macho. Kifani, uzi ulioonekana ni uzi uliolegea. Katika mpangilio wa 1973 kishindo cha "Great King Rat" kilimtumbukiza msikilizaji moja kwa moja katika nchi ya ndoto ya "My Fairy King", na mshtuko huo ulikuwa mojawapo ya mbinu kali za upande wa kwanza wa santuri. "Mad the Swine", kwa mwendo wake wa upole na gitaa lake la kutembea, inatandika mkeka mahali palipokuwa na shimo. Ningependa ikae kwenye diski ya tatu.

Diski ya nne, ya ala tupu, inastahili subira ya wenye subira. Uimbaji ukiondolewa, "Great King Rat" inafichua kwamba magitaa yake ya umeme, yote yakiwa ni lile gitaa moja ambalo May na baba yake walilitengeneza nyumbani, yamepangwa kwa zamu kama wazungumzaji wasiokatizana.

Lakini utajiri halisi wa nusu ya pili umo katika "Son and Daughter". Kwenye albamu wimbo huu una dakika tatu na ushei: mdundo mzito, beti, basi. Katika kikao cha BBC cha Desemba 1973 na katika onyesho la Rainbow, London, la Machi 1974, umepasuka katikati na ndani ya ufa huo umeingia upigaji mrefu wa gitaa la peke yake. May anacheza kifungu, mtambo wa mwangwi unakirudisha baada ya muda uliopimwa, naye juu ya kifungu kilichorudi anaweka kingine kinachopatana nacho. Mara sauti ya tatu inajiunga, na mtu mmoja anajibizana na nafsi yake kwa upatano wa sehemu tatu. Ni takriri iliyogeuzwa kuwa muundo: rudio ambalo kwa kawaida ni pambo limekuwa nguzo, kwa sababu kila kifungu lazima kitungwe kikijua kwamba kitarudi. Upigaji huu haukubaki hapo. Mwezi Novemba 1974 ulitokea studioni ndani ya "Brighton Rock", wimbo wa kwanza wa albamu ya Sheer Heart Attack, na huko ukakaa hata wengi wakadhani ulizaliwa kwa ajili yake. Diski ya tano na ya sita, basi, zina rasimu pia. Jukwaa lilikuwa daftari la bendi hii, na kile tunachokiita rekodi adimu ya onyesho mara nyingi ni ukurasa wa daftari uliokwisha kunakiliwa kwingine.

Upo hata ukurasa ambao haukunakiliwa popote. "Hangman", wimbo wa siku za mwanzo wenye mwili wa blues, unasikika humu kutoka onyesho la San Diego la Machi 1976, wakati bendi ilikuwa tayari imeshaijua "Bohemian Rhapsody" na umaarufu wake. Queen hawakuwahi kutoa toleo la studio la wimbo huu. Sandukuni hauna toleo-timilifu la kuulinganisha nalo, wala rasimu-sauti. Unao upigaji tu, na mara uishapo umeisha, kama ngano iliyosimuliwa usiku mmoja kwa waliokuwapo.

Baada ya San Diego diski ya sita inarudi nyuma hadi Imperial College, London, Agosti 1970, kabla Deacon hajajiunga, kwa nyimbo mbili: "Jesus", na "I'm a Man" iliyoazimwa kwa wengine. Mkanda wenyewe ni duni. Maneno yanapotea, gitaa linameza kila kitu, na ungeweza kumsamehe mwandaaji aliyeuacha kabatini. Lakini isikilize "Jesus" hii mara tu baada ya ile ya diski ya kwanza. Kwenye mkanda wa 1970 dramu zinapigwa mbali na kipaza sauti, ukutani zinagonga na kurudi, kati ya pigo na pigo panasikika watu wakijongea, na ile hewa ambayo mafundi watatu waliijenga upya kwa mitambo mwaka 2024 imejaa humo, haijapimwa na yeyote.